Kitabu Kama Dada Alivyotusomea

Nawasikia watu, hasa walimu wenzangu, wakisifu raha ya kukisoma kitabu mara ya pili. Eti ni kumtembelea rafiki wa zamani. Mimi kitabu nilichokirudia kwa moyo wangu wote ni kimoja tu, na huko sikumkuta rafiki yeyote. Nilikuta kwamba hadithi niliyoijua tangu utotoni haikuwamo. Aliyenidanganya ni mtu niliyempenda kuliko wote nyumbani, dada yangu mkubwa, lakini hasira iliyonipanda siku hiyo haikumwendea yeye. Iliwaendea wale aliojaribu kuwadanganya ili ajiokoe, wakalia machozi ya kweli, kisha wakamfanyia walilokuwa wamepanga.

Kwetu ni karibu na soko la Nyaramba. Mwanzo wa miaka ya sitini, kabla bendera haijabadilishwa, pareto ndiyo iliyotuvika nguo, na chai ilikuwa bado miche ya kupaliliwa. Nyumba yetu ilikuwa na vitabu viwili, Biblia na kitabu cha nyimbo, vyote vya Ekegusii, lugha yetu, na baba alivifungia katika sanduku la mbao chini ya kitanda chake. Alikuwa mzee wa kanisa. Aliamini, bila mtu yeyote kumfundisha hivyo, kwamba neno likishachapwa kwa mashine haliwezi kuwa la uongo. Vitabu alivyovijua ni hivyo viwili, sasa angeaminije vinginevyo?

Kitabu cha tatu kililetwa na dada. Alikuwa katika darasa la mwisho la shule ya misheni, akawa wa kwanza mbele ya wavulana wote, wakampa zawadi mbele ya wazazi. Kilikuwa kitabu cha hadithi cha Kiswahili, chenye jalada jekundu na picha ya mwanamke aliyejifunga kanga. Baba alikishika, akakipindua, akakinusa, akauliza kinasema nini.

Hakuna aliyeweza kumjibu isipokuwa dada. Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya watu wa mbali. Mama hakujua hata salamu yake. Kaka yetu, aliyekuwa mkubwa kuliko dada kwa miaka mitatu au minne na aliyeacha shule mapema, alijua cha kununulia chumvi. Mimi nilikuwa bado katika madarasa ya chini ambako tulifundishwa kwa Ekegusii. Baba alikuwa amefanya kazi Kericho katika mashamba makubwa ya chai, na Kiswahili alichorudi nacho kilikuwa kile cha kuamrishwa: chuma, leta, upesi, wewe, toka. Mtu hawezi kufuata hadithi kwa maneno hayo.

Basi dada akatusomea kwa namna tuliyoizoea kanisani. Kanisani mhubiri mgeni akija, alisimama yeye na mkalimani wake bega kwa bega. Mhubiri alisema kwa Kiswahili, akanyamaza, mkalimani akasema kwa Ekegusii, na sisi tukaitikia amina ya mkalimani. Dada alikuwa mhubiri na mkalimani kwa pamoja. Alisimama wima barazani, akasoma aya nzima kwa Kiswahili kwa sauti ya juu, akatulia kidogo, kisha akaieleza kwa Ekegusii. Ilikuwa Jumapili alasiri, maana Sabato yetu ilishapita na Jumapili ni siku ya kazi. Sote tulikuwa chini tunapukuchua mahindi. Majirani wawili watatu nao wakaanza kuja, na mikono yao haikuja bure, kwa hiyo mama hakulalamika.

Hadithi niliyoisikia mimi ilikuwa hivi. Katika mji mmoja wa pwani palikuwa na msichana mwerevu kuliko wote shuleni. Baba yake, mfanyabiashara, alitaka kumwoza kwa rafiki yake mwenye mvi. Msichana alikataa. Alilia, akafunga chakula, akaenda kumwona mwalimu wake, na mwalimu akaja nyumbani kumsihi yule baba, akafukuzwa. Mwishowe msichana alipata nafasi ya kusomea unesi. Baba yake akaapa kwamba hana tena mtoto. Miaka ikapita, yule baba akaugua ugonjwa uliowashinda waganga, akapelekwa hospitali, na aliyemshika mkono kitandani akiwa na sare nyeupe alikuwa ni binti yake. Mzee akamwomba msamaha. Hapo ndipo ilipoishia.

Dada hakuimaliza upesi. Aliivuta Jumapili nyingi, na kila Jumapili alikatiza pale tunapotaka kujua zaidi. Wiki nzima watu walimjadili yule msichana wakichuma pareto. Jirani mmoja, mama wa makamo mwenye ulimi mkali, alisema kwamba angempata yule baba angemwagia uji wa moto. Baba yetu aliuliza kwa makini kabisa kama yule mzee bado yu hai, na kama kuna kanisa karibu na kwake ambalo wazee wake wangeweza kumkanya. Na Ijumaa jioni, tulipopiga magoti kuikaribisha Sabato, mama alimwombea yule msichana. Alimwomba Mungu amlainishe moyo baba yake. Sisi sote tukasema amina, baba kwa sauti kubwa kuliko wote. Nimeyacheka hayo mara nyingi nikiwa peke yangu, na sijawahi kuyacheka hadi mwisho.

Baadhi ya maneno ya Kiswahili yalinikaa kichwani bila maana yake. Kuna mahali ambapo dada alisoma polepole, kwa sauti ya msiba: iliki, mdalasini, karafuu, bizari. Baba akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha dada akafasiri: "Alilia mpaka macho yakavimba, akamwambia baba yake, niache nisome, sitakuomba kitu kingine duniani." Kwa muda mrefu baada ya hapo, mimi na watoto wa jirani tulipocheza mchezo wa matanga, tulilia kwa kusema iliki, iliki, mdalasini.

Sasa niseme lililokuwa likiendelea nyumbani, ambalo mimi kwa utoto wangu niliona ni jambo jingine kabisa. Dada alikuwa ameitwa kwenda shule ya sekondari ya wasichana, jambo ambalo halijawahi kumpata msichana wa upande wetu wa kilima. Alitakiwa aanze Januari. Na kaka yetu alikuwa anataka kuoa. Alishampata msichana, na wazee wa kule walishasema wanataka ng'ombe wangapi na wa namna gani. Boma letu halikuwa na ng'ombe hao. Kwetu jambo hilo lina njia yake na kila mtu anaijua: dada akiolewa, ng'ombe wake ndio wanaomwolea kaka. Ng'ombe wanaingia kwa lango hili, wanapumzika, wanatoka. Kila msichana mwenye kaka anakua akijua kwamba kuna ng'ombe wanaomngoja mahali fulani, na kwamba kaka naye anawangoja.

Kaka mwenyewe alikuwa pale barazani kila Jumapili, anapukuchua mahindi pamoja nasi. Alimpenda yule msichana wa kitabuni. Siku mwalimu alipofukuzwa na yule baba, kaka alilitupa gunzi uani kwa hasira.

Jumapili ya mwisho baba alilia. Sitanii, nilimwona. Yule nesi aliposhika mkono wa mzee, baba alijipangusa uso kwa kofia yake, akasema, "Mzazi wa aina gani huyu, anangoja mpaka augue ndipo amjue mwanawe?" Dada alikuwa amesimama na kitabu mkononi, anamtazama baba. Alikuwa na tabasamu dogo ambalo alijaribu kulificha. Nadhani ndiyo siku aliyokuwa na furaha kuliko zote.

Wiki iliyofuata akaja esigani, yule mshenga wetu wa kupatanisha nyumba mbili, mzee mwenye koti refu na maneno mengi. Alitokea upande wa Kenyenya, mbali na kwetu. Alikaa na baba, wakanywa chai, na kabla jua halijapinduka walikuwa wamekubaliana siku ya kwenda kutazama ng'ombe.

Nilikuwapo dada alipomwuliza baba. Alikuwa amepiga magoti jikoni akichochea moto, na baba alikuja kuomba maji ya kunywa. Dada hakupaza sauti.

"Tata," akasema, "si ulimlilia yule msichana?"

"Nilimlilia," baba akasema.

"Ukasema baba yake ni mzazi wa aina gani."

"Nilisema, na bado nasema." Baba alikunywa maji yake yote, akamrudishia kibuyu. "Lakini yule hakuwa na kijana anayetaka kuoa. Alikuwa mlafi tu. Kama angekuwa na kijana, hata wewe ungemwelewa."

Mama alikuwa anamenya ndizi mlangoni, na aliendelea kumenya. Huyu ndiye aliyepiga magoti akamwombea mtoto wa watu wasiojulikana, wa mji asioujua, na kwa mwanawe aliyemzaa akashindwa hata kukohoa. Nimemsamehe mama mambo mengi, lakini ndizi zile sijamsamehe.

Dada aliondoka kabla ya Januari. Mwaka huo huo kaka akaoa.

Kitabu hakikwenda naye. Baba alikifunga katika kitambaa cha gunia la unga, akakiweka sandukuni pamoja na Biblia, na mtu akikiulizia alisema msomaji ameondoka. Jinsi alivyokienzi ingedhaniwa ni yeye aliyefiwa.

Mimi nilisoma. Watu wa kwetu husema nilisoma kwa sababu ya bidii, na wengine husema uhuru ulileta mwanga. Ukweli ni kwamba nilisoma kwa sababu ng'ombe wangu hawakuwa na kazi. Hapakuwa na kaka mwingine wa kuwangoja. Nilifika sekondari, nikafika chuo cha ualimu, na Kiswahili nikakijua kuliko hata nilivyotarajia, mpaka nikawa nakifundisha. Siku moja nikiwa chuoni niliingia katika duka la viungo mjini Kisii, nikaona pakiti ndogo imeandikwa iliki. Nilisimama pale kwa muda. Nikajiuliza vipi kilio kimewekwa katika pakiti. Nilifikiri labda kuna iliki mbili, nikanunua sabuni nikatoka. Wakati ule bado sikutaka kujua.

Baba alifariki katikati ya miaka ya sabini. Tulipofungua sanduku, kaka alichukua Biblia, akanisukumia kile kitambaa. "Chukua wewe mwalimu," akasema, "hapa hakuna wa kukisoma." Nilikwenda nacho nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya gogo, nikakisoma alasiri ile yote huku waombolezaji wakila.

Msichana alikuwamo. Mji wa pwani ulikuwamo, na baba mfanyabiashara, na rafiki yake mwenye mvi. Lakini katika kitabu kilichochapwa msichana hakatai. Anaambiwa, anainamisha uso, anasema baba ajuaye ni wewe. Hakuna mwalimu anayekuja kusihi wala nesi. Hospitali yenyewe haitajwi hata mara moja. Kitabu kizima ni maandalizi ya harusi, na kinaishia kwa karamu na wosia mrefu wa baba juu ya faida za utii, na bwana arusi kumbe ni mtu mwema sana mwenye mali. Ni kitabu cha kuwafundisha wasichana adabu. Ndiyo maana misheni iliwapa wasichana waliofaulu.

Ile aya ya iliki na karafuu ni ya kupika pilau ya harusi. Dada alisimama mbele yetu akasoma mchele, nazi na viungo, na kutoka humo akatutolea kilio chake mwenyewe. Wosia wa baba juu ya utii, kurasa tatu, ndio aliougeuza ukawa mzee anaomba msamaha kitandani. Nilikumbuka alivyousoma kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kuruka, kwa sauti ya heshima, na kijasho kikimtoka puani. Alikuwa anasema kwa lugha moja hukumu yake na kwa nyingine rufaa. Na alijua kwamba katika uwanja ule wote hakuna hata mmoja wa kumkamata.

Kisha nikaona lililoniuma zaidi. Msichana wa kitabuni ana kaka. Ametajwa katika ukurasa wa kwanza kabisa, kijana mpole anayengoja mtaji afungue duka lake, na mtaji ule ndio unaotoka kwa yule mzee mwenye mvi. Kila kitu kilikuwamo, kama cha kwetu, ila ng'ombe. Dada akamwondoa kaka huyo. Katika Jumapili zote zile hatukusikia kaka hata mara moja. Alimwondoa ili asimwaibishe kaka yetu aliyekaa pale chini na gunzi lake, kwa sababu alihitaji kaka naye amwonee huruma yule msichana. Ilikuwa adabu, na ilikuwa busara ya mtoto wa miaka kumi na saba. Na kwa tundu lile lile alilotoboa ndipo baba alipopitia akatoka. Yule hakuwa na kijana anayetaka kuoa.

Nilifikiri sana, juu ya lile gogo, kama angemwacha kaka ndani ya hadithi ingekuwaje. Nilitaka kuamini kwamba baba angejiona. Sasa siamini. Nimefundisha kusoma miaka mingi, na kila mkaguzi anayekuja hutuambia kwamba kusoma hulainisha moyo. Moyo wa baba ulilainika kweli kweli, akalia mpaka akajipangusa, kisha akaenda kuhesabu pembe za ng'ombe. Sijaona kilichomzuia kufanya yote mawili.

Desemba moja, mwishoni mwa miaka ile ya sabini, shule zilipofungwa nilikwenda kwa dada. Kenyenya ni mbali kutoka Nyaramba, unavuka Kisii mjini na Ogembo, na kwa miaka yote ile tulikuwa tukionana kwenye mazishi tu. Nilikibeba kitabu katika mkoba. Nilitaka kumwambia kwamba najua. Nilitaka kumwambia kwamba nilikisoma chote na kwamba chake ndicho kilichokuwa kizuri. Nilijiona naenda kumtuza, miaka mingi baadaye, zawadi ambayo misheni haikumpa.

Nyumba yake ilikuwa safi, ya mabati, kati ya chai na migomba. Mume wake alikuwa mtu mtulivu asiye na makosa ya kusimulia. Jumamosi tulikwenda kanisani, na hapo nikaona kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniambia: mhubiri mgeni aliposimama, aliyesimama kando yake alikuwa dada. Alikuwa mkalimani wao. Alifasiri saa nzima, nami niliyezijua lugha zote mbili nilimfuata kama mkaguzi. Hakuongeza wala hakupunguza hata neno moja. Baada ya ibada mama mmoja aliniambia kwamba wanampenda kwa sababu hiyo, kwamba wakalimani wengine hujihubiria mambo yao.

Jumapili asubuhi tulikaa nje, yeye anachambua mchele katika ungo kwa ajili ya wageni. Sikuuliza ni wageni gani. Nilitoa kitabu, nikakiweka kwenye kiti kati yetu. Alikitambua mara moja, akaguna.

"Kumbe hakikuliwa na mchwa."

"Nimekisoma, dada," nikasema. "Chote. Hakuna nesi."

"Hakuna," akasema, na mikono yake haikusimama. "Ulikuwa hujui mpaka uwe mtu mzima hivi?"

"Nilijua wapi? Nilikuwa nalia iliki."

Hapo alicheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini, na kwa muda mfupi akawa yule yule wa barazani kwetu. Nikampa yote niliyokuwa nimebeba, kwamba sijawahi kusikia hadithi nzuri kuliko ile, kwamba mimi ni mwalimu kwa sababu yake. Alinisikiliza kwa upole wa mtu anayesikiliza mgeni.

"Ilikuwa kazi bure," akasema. "Ningefua nguo siku zile."

Binti yake akatoka jikoni na chai. Alikuwa wa pili kuzaliwa, amemaliza darasa la saba mwaka huo, msichana mrefu mwenye macho ya dada. Nilijua kwamba amefaulu, kanisani walilitangaza. Nikamwuliza ataanza sekondari wapi. Akamtazama mama yake, akaweka vikombe, akarudi jikoni.

"Hatakwenda," dada akasema.

Kisha akanieleza, bila haraka, anachambua mchele. Kijana wake mkubwa, ambaye hata ndevu hazijamkaa sawa, amemleta msichana wa watu nyumbani na msichana ni mja mzito. Watu wake wanataka ng'ombe na wamekasirika. Wageni wanaokuja leo wanatoka upande wa Ogembo, wana boma kubwa, na wamemwona binti kanisani.

"Wewe?" nikasema. "Katika watu wote wa dunia hii, ni wewe?"

"Nani mwingine? Mama yake ni mimi."

"Karo nitalipa mimi. Yote. Akae kwangu."

"Karo si shida, mdogo wangu. Wewe utanipa karo. Ng'ombe utanipa?"

Sikuwa na ng'ombe, na yeye alijua. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia kwamba amekuwa baba yetu. Alitoa jiwe katika mchele, akalitupa.

"Baba hakuwa mbaya," akasema. "Alikuwa na kijana. Na mimi ninaye."

Binti alirudi kuchukua vikombe. Akakiona kitabu kwenye kiti, akakishika, akakifungua, maana watoto wa sasa Kiswahili hawakiogopi. "Mama," akasema, "hiki ndicho kile cha yule nesi?"

Nikaelewa kwamba alikuwa amemsimulia. Mtoto yule alikua na hadithi ile, kwenye godoro lake, tangu hajaanza shule.

"Hakuna nesi humo," dada akasema. "Tusomee sura ya harusi. Mama mdogo wako anaipenda."

"Dada, usimfanyie hivyo," nikasema.

"Asome kilichoandikwa. Mimi nilisomea watu kisichoandikwa, unaona kilinifikisha wapi. Afadhali huyu ajue mapema."

Msichana alitutazama sote wawili. Kisha akakaa kwenye jiwe la kusagia, akatafuta ukurasa, akaanza. Alisoma vizuri, kwa utulivu, bila kumngoja mtu amfasirie. Baba anatangaza siku ya harusi. Mjomba anashukuru. Kaka anashukuru, anasema duka litafunguliwa mwezi ujao. Shangazi anauliza ni nani atakayepika. Nilikuwa nimeisoma sura ile mara mbili kwa hasira, nikitafuta alichobadilisha dada, na nilidhani hakuna kilichonipita.

"'Na mimi?'" akasoma msichana. "'Msichana aliuliza, na mimi?'"

Nilinyoosha shingo nikautazama ukurasa. Yalikuwamo, maneno mawili, katikati ya kaka na shangazi, na chini yake hakuna aliyejibu. Aliyekiandika aliyaacha pale akaenda zake kwenye mapishi. Na dada, akiwa na umri wa miaka kumi na saba, aliyaona. Jumapili zote zile alikuwa akijibu swali lile.

Binti alikuwa ameinua macho anamtazama mama yake. Alisubiri. Dada aliyatazama magari mawili yaliyokuwa yakipanda kilima kuelekea kwake, akaupepeta mchele mara moja, akaweka ungo mapajani.

"Endelea," akasema.